Seti ya kuchonga vigumba vya mawe: lipia kibonyezo cha shaba, mawe achana nayo

Seti za wanaoanza zinazoagizwa kutoka Marekani karibu zote zinafanana: kibonyezo chenye ncha ya shaba, kirungu cha shaba, kipande cha ngozi, jiwe la kusugulia, kifaa chembamba cha kutobolea mapengo ya kufungia, miwani, uzi wa kufungia na mfuko wa mawe. Kwa mpiga upinde wa Arusha au Moshi anayetaka kuchonga vichwa vya mishale kwa mkono, baadhi ya vitu hivyo vinastahili hela yake. Vingine vinapatikana mtaani, tena vizuri zaidi.

Kibonyezo, kinachosukumwa ukingoni mwa jiwe au kioo ili kumega vibanzi, yaani vipande vyembamba, kinastahili. Shaba yake ina unene wa milimita 4 hadi 5 na imetokeza sentimita 2 au 3 nje ya mpini. Ikitokeza zaidi ya hapo inapinda ukibonyeza. Wengi hudhani msumari wa inchi nne utafanya kazi hiyo hiyo. Haufanyi. Shaba ni laini, kwa hiyo ukingo wa jiwe au kioo unachochonga unazama kidogo ndani yake na kushika, wakati chuma kinateleza na kuponda ukingo. Ncha ikibutuka, irudishe kwa kuigonga na nyundo juu ya chuma. Ukiipiga tupa kila mara, shaba inaisha mapema. Anayetaka kujitengenezea anaweza kununua shaba kwa wauza chuma chakavu, ila ahakikishe si waya uliong'olewa kwenye nguzo za TANESCO.

Ngozi ya kwenye seti ni nyembamba mno, na vibanzi vya kioo vinapenya hadi kiganjani. Mwombe fundi viatu kipande cha ngozi ya soli. Chini yake weka kipande cha tairi, kama kile cha mafundi wa katambuga, kilichochongwa mfereji wa upana wa sentimita moja. Mfereji huo unakipa kibanzi nafasi ya kudondokea. Kikikosa nafasi, kinakatikia njiani. Kirungu kiache kwanza, kwani ni cha kupunguzia mawe makubwa.

Udhaifu mkubwa uko kwenye karatasi ya maelekezo. Inataja kusugua ukingo mara moja tu, mwanzoni, kisha inaendelea kana kwamba hilo limekwisha. Ukingo mkali wa kioo hauna nguvu ya kubeba msukumo, unasagika tu. Kabla ya kila mstari wa vibanzi inabidi uusugue kwa jiwe la kusugulia mpaka uwe butu, na uushushe uwe chini kidogo ya katikati ya unene wa kipande. Hapo ndipo shaba inapata pa kukanyaga. Kisha elekeza nguvu ndani, kuelekea katikati ya kipande, ukisaidiwa na paja linalosukuma mkono, na mwisho kabisa bonyeza chini. Kibanzi kinang'oka upande wa chini, ule unaogusa ngozi, kikifuata tuta lililoachwa na vibanzi vya kabla yake.

Ukibonyeza chini kabla ya kusukuma ndani, vibanzi vinakuwa vifupi na kuacha ngazi katikati ya kipande, pale vilipokatikia. Ukiendelea kuing'ang'ania ngazi kutoka upande huo huo, inazidi kuwa ndefu. Geuza kipande, iendee kutoka ukingo wa pili. Kipande kikikatika katikati, mara nyingi ni kwa sababu kilikuwa kinaning'inia bila kushikwa na kiganja. Mapengo ya kufungia yafanye mwisho, kwa ncha ya milimita 2, ukipishanisha uso huu na ule. Lenga kigumba cha urefu wa sentimita 3, upana wa 2 na unene wa milimita 4 au 5.

Sasa mawe. Mfuko wa seti huwa na gumegume na obsidiani (kioo cha asili cha volkano), na uzito wake ndio unaopandisha gharama ya kusafirisha. Mwanafunzi atayamaliza kabla mkono haujazoea. Kokoto za kwetu kutoka lava ya Meru na Kilimanjaro nyingi zina punje na fuwele, hazimegeki kwa mpangilio. Jifunzie kitako cha chupa ya bia, kilicho bapa, au masalio ya kioo cha milimita 6 hadi 10 kutoka kwa mafundi aluminiamu. Kioo cha pembeni cha gari hakifai, kinapasuka punje punje. TV za chogo ziache, vioo vyake vina madini ya risasi, hasa upande wa nyuma. Na usiokote jiwe lolote ndani ya hifadhi, wala jiwe lililochongwa na watu wa kale, linalolindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964.

Miwani ya seti inatosha, barakoa haimo, na hilo ni kosa. Vumbi la gumegume lina silika, adui yule yule wa mapafu ya wachimbaji. Fanyia kazi nje penye upepo, usipulize vumbi kwa mdomo.

Umbo linalofundishwa, lenye mapengo mawili, ni la Marekani. Kwenye pango la Mumba, karibu na Ziwa Eyasi, vimepatikana vipande vidogo vya nusu mwezi vyenye mgongo uliofanywa butu ili ushikwe na gundi. Ni rahisi kwa anayeanza, na vinatuhusu zaidi. Wahadzabe wa leo wa huko wanatumia vigumba vya chuma, vikiwemo vinavyofuliwa na Wadatoga.

Uzi wa nta wa seti unalegea juani. Nunua buchani kano la mguu wa ng'ombe, likaushe, litwange, lichambue nyuzi na uziloweshe kabla ya kuzungushia. Zikikauka zinabana zenyewe. Kabla ya hapo sugua kitako cha kigumba na mapengo yake yawe butu, la sivyo kitakata kano. Gundi ni utomvu wa msonobari ulioyeyushwa kwa moto mdogo, unga wa mkaa kama robo yake, na nta ya nyuki kidogo isipasuke.

Pima mishale kwenye gunia la maranda. Kuwinda bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na huko Marekani kila jimbo lina kanuni zake kuhusu vigumba vya mawe.

Chini ya kiti tandika turubai, vibanzi vyote vifukie shimoni mbali na watoto na mifugo, na ndani tupia vizibo vya soda ili mtafiti wa kesho asivihesabu kuwa vya kale.