Blender 4.5 kwa picha za ndani ya nyumba: mwanga upo, jua la Mtwara ulilete mwenyewe

Fundi wa jipsamu, seremala wa makabati na mchora ramani wa Mtwara mjini siku hizi hawaanzi kazi kabla mteja hajaona picha ya 3D. Picha nyingi kati ya hizo zina ugonjwa mmoja. Dari ni nyeupe isiyo na kivuli, makochi yanaelea juu ya marumaru, jua linaingia hadi katikati ya sebule saa sita mchana, na dirishani kunaonekana mtaa wa Ulaya. Mteja hawezi kutaja kosa liko wapi, ila jicho lake limeshakataa. Blender 4.5 LTS, programu ya kuchora na kutengeneza picha za 3D, ina dawa ya yote hayo, tena bila malipo. Lakini ukiiacha na mipangilio iliyokuja nayo, utapata picha ya ugonjwa uleule.

Tuanze na gharama. Leseni ni GPL, ya programu huria, hulipii chochote, na picha unazotengeneza ni zako, unauza utakavyo. Lipo toleo la zip lisilohitaji kusakinishwa. Unalifungua kwenye flashi na kuhama nalo kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Kima cha chini ni RAM GB 8, prosesa ya kori 4 yenye SSE4.2, na kadi ya picha ya GB 2 inayokubali OpenGL 4.3. Laptop ya mtumba yenye Intel ya kizazi cha 5 kwenda juu itaifungua. Kuifungua ni jambo moja na kurenda, yaani kugeuza mchoro kuwa picha kamili, ni jingine: Intel ya ndani ya laptop hizo haitambuliwi kama kadi ya kurendea, kwa hiyo kazi yote inaangukia prosesa. Matokeo ni yaleyale, muda ndio unaorefuka. Ukipata pesa ya kuongeza kitu kimoja, ongeza RAM ifike GB 16, kwa sababu ikijaa katikati ya kazi programu inafunga yenyewe.

Injini za kurenda ziko mbili za kuzingatia. Eevee ni ya haraka na inafaa kupangia samani na kujaribu rangi. Kasoro yake kubwa ndani ya nyumba ni kwamba inategemea sana kile ambacho kamera inakiona, hivyo marumaru zinakosa kuakisi vitu vilivyo nje ya fremu. Picha ya kumpelekea mteja irendwe kwa Cycles, inayofuata miale inavyogonga ukuta, dari na sakafu mpaka iishe nguvu.

Hapo ndipo kwenye mipangilio ya kwanza ya kugusa. Cycles inakuja na miruko 4 ya mwanga uliotawanyika (Diffuse), yaani mara ambazo mwale unaruhusiwa kudunda. Kwa nje inatosha, kwa sebule yenye dirisha moja haitoshi: pembe za dari zinakuwa nyeusi, na mtu anakimbilia kuongeza taa za uongo. Pandisha miruko hiyo ifike 8 na jumla yote iwe 16. Miruko ya vitu vyenye uwazi (Transparent) inakuja ikiwa 8. Hii inawasumbua sana wanaochora nyumba zetu, maana dirisha la huku lina kioo chenye pande mbili, wavu wa mbu, shela, halafu pazia. Mikunjo ya shela peke yake inamaliza hesabu, na baada ya hapo mwale unahesabiwa kuwa giza. Ukiona mabaka meusi kwenye shela, tatizo si kitambaa, ni hesabu hiyo. Weka 32.

Sasa jua lenyewe. Mtwara iko latitudo 10.27 kusini na longitudo 40.18 mashariki, Lindi iko karibu nyuzi 10 kusini. Jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba kuelekea mwisho. Kati ya hapo, Desemba linapita upande wa kusini likiwa juu nyuzi kama 77, na Juni linapita kaskazini likiwa nyuzi kama 56, kwenye saa 6 na robo mchana hivi. Chagua anga ya Nishita, yaani anga inayokokotolewa na Blender yenyewe (Sky Texture), andika namba hizo kwenye kimo cha jua, kisha zungusha mpaka kivuli kielekee upande unaostahili. Mhimili wa Y uchukulie kuwa ndio kaskazini ya ramani yako.

Faida ya kufanya hivyo inaonekana sakafuni. Chukua nyumba yenye upenu wa sm 60, ukingo wake ukiwa mita 2.7 kutoka sakafu ya ndani, na dirisha lenye kizingiti cha sm 90. Desemba mchana upenu huo unatupa kivuli cha zaidi ya mita 2.5 kwenda chini, kwa hiyo dirisha la kusini halipati jua la moja kwa moja hata kidogo. Juni, dirisha la kaskazini litaingiza kipande chembamba kinachoishia mita 1.2 kutoka uso wa nje wa ukuta. Si zaidi. Ukitaka jua lililolala hadi miguuni pa kochi, picha yako ni ya asubuhi au alasiri, na dirisha liwe la mashariki au magharibi. Anga za HDRI (picha halisi za anga zinazotoa mwanga) za tovuti ya Poly Haven ni nzuri na ni za bure kabisa kutumia, lakini nyingi zimepigwa mbali na ikweta na jua lake liko chini. Ukizitumia kwa nyumba ya Shangani kivuli kitakusuta. Zitumie kwa siku ya mawingu, ambapo hakuna kivuli cha kubishana nacho.

Kitu kingine kinachosahaulika ni ardhi ya nje. Jua likiwa juu kiasi hicho, mwanga mwingi unaoingia ndani umeshagonga mchanga wa uani kwanza, ndiyo maana dari karibu na dirisha huwa na wekundu kidogo. Tandaza nje ya dirisha ardhi ya mita 10 au zaidi yenye rangi ya mchanga wa kwenu. Bila hiyo dari inabaki ya kijivu na chumba kinapoa, hata jua liwe sahihi namna gani.

Nguvu ya anga ukiiacha 1.0, picha inaungua. Anzia 0.2, kisha malizia kwenye mwangaza wa picha (Exposure, ndani ya Color Management), ambako kila +1 ni kuzidisha mwanga mara mbili. Mfumo wa rangi uwe AgX, ambao ndio wa kawaida tangu toleo la 4.0. Ule wa zamani unaoitwa Standard unakata mwanga mkali ghafla, dirisha linakuwa tundu jeupe lenye kingo za njano. AgX nayo inapoza rangi mno kwa macho ya wateja wengi, basi chagua Medium High Contrast kwenye orodha ya mionekano yake (Look). Nje ya dirisha paache pazidi ndani kwa mwanga, ngazi 2 au 3; nje pakionekana sawasawa na ndani, jicho linajua picha mbili zimegandishwa.

Kuhusu taa: wati za Blender si wati za kwenye boksi la balbu. Ni nguvu ya mwanga inayotoka. Balbu ya LED ya lumeni 800 inakaribia wati 2 tu za Blender. Ukiandika 10 kwa sababu boksi limesema 10, umewasha balbu karibu tano. Ukubwa wa taa usiwe sifuri, weka nusu-kipenyo cha sm 3 hadi 5 ili kivuli kilainike. Joto la rangi nalo liendane na nyumba. Kelvini 2700 iko kila mahali kwenye mafunzo ya YouTube, lakini sebule nyingi za huku zina balbu nyeupe za 6500. Picha ya usiku yenye mwanga wa njano tupu inasomeka kama hoteli, si nyumba ya Ligula.

Kioo cha dirisha kina mtego wake. Ukikiwekea kioo halisi cha Principled BSDF (uso wa kawaida wa Blender), Cycles inaona jua linalopinda na kupita kwenye kioo kama mwanga mgumu kukokotoa: chumba kinaingia giza na vidoa vyeupe vinatapakaa. Kwa dirisha bapa, changanya uso wa uwazi na uso wa kuakisi, mchanganyiko ukiongozwa na Fresnel, inayoongeza mwakisiko kadiri unavyokitazama kioo kwa ubavu. Jua litapita na kioo kitaendelea kuakisi. Wavu wa mbu usiuchore uzi kwa uzi. Bapa moja lenye uwazi wa asilimia 60 hadi 70 linatosha. Grili za nondo zichore kweli, kwa sababu kivuli chake sakafuni ndicho kinachomwambia mteja kwamba hapa ni kwake.

Ukuta uwe na unene. Tofali la inchi 6 pamoja na plasta pande zote ni kama sm 18, na unene huo unaonekana kwenye ubavu wa dirisha. Ukuta wa bapa tupu unafanya nyumba ionekane ya karatasi. Anayechora nyumba ya kale ya Mikindani, zile za matumbawe na chokaa, ajue kuwa unene wa ukuta unabadilisha mwanga wenyewe: dirisha linakuwa handaki, na chumba kinazama kwenye kivuli zaidi ya anavyotarajia. Vipimo vingine ni vya kawaida. Mlango mita 2.1, kiti sm 45, meza ya chakula sm 75, kaunta ya jiko sm 90.

Hakuna kona halisi iliyo kali kama wembe. Weka Bevel, yaani kulainisha kona, ya mm 1 hadi 2 kwenye mbao na mm 3 hadi 5 kwenye kona za plasta. Kabla ya hapo bonyeza Ctrl+A ukubali ukubwa wa kitu (Scale), la sivyo kona upande mmoja itakuwa nene na upande mwingine nyembamba.

Rangi nyeupe ya ukuta isizidi 0.8. Ukiweka 1.0 umeunda ukuta usiomeza mwanga hata chembe. Chumba kinakuwa cha maziwa, na kurenda kunachelewa. Marumaru za 60 kwa 60 zipewe mstari wa grauti wa mm 2 au 3 ulioingia ndani kidogo, na Roughness, yaani kipimo cha jinsi uso unavyotawanya mwanga, iwe 0.1 hadi 0.2. Isiwe namba moja sakafu nzima. Njia ya kupita iwe imechakaa, chini ya meza kung'ae zaidi. Picha za Roughness na za normali (zinazoigiza mabonde na vilima vya uso) ziwekwe kama data isiyo ya rangi (Non-Color). Zikiachwa sRGB mng'ao unapotoka. Na normali zilizotengenezwa kwa DirectX zinageuza mashimo kuwa vilima kwenye Blender, mpaka ugeuze chaneli ya kijani.

Udhaifu mkubwa zaidi kwa mtumiaji wa kusini ni maktaba ya vitu. Makochi ya Skandinavia yamejaa mtandaoni, lakini tafuta mkeka wa ukili au mbao ya mninga iliyopigwa vanishi, huenda ukarudi mikono mitupu. Mbao ipige picha mwenyewe: kivulini, simu ikiwa sambamba na ubao, rula ikiwa pembeni ili ujue sm ngapi zimeingia kwenye picha. Usitumie kipande kimoja cha ubao kwenye milango yote ya kabati. Sogeza picha kila mlango, kwa sababu fundo la mti likijirudia mara sita seremala ataliona kabla ya wewe kumaliza kufungua simu. Kumbuka pia kwamba picha ya 4K inakula takriban MB 64 za kumbukumbu ya kadi, na uso mmoja unaweza kuhitaji nne. Ziache kwa meza iliyo mbele ya kamera, vitu vya mbali vipewe 1K.

Sampuli 4096 (miale kwa kila nukta ya picha) ambazo Cycles inakuja nazo ni nyingi mno kwa laptop ya kawaida. Weka 1024, kizingiti cha chenga (Noise Threshold) 0.02, na kisafisha chenga cha OpenImageDenoise. Ukishuka hadi 64 ukitegemea kisafishaji, grauti zinafutika na zulia linageuka nta. Umeme ukikatika katikati ya picha moja, Cycles haiendelei ilipoishia, na hili ni pigo. Njia ya kulizunguka: renda picha 4 za sampuli 256, kila moja na namba yake ya mbegu (Seed) ili chenga zisifanane, zihifadhi kama EXR, faili linalotunza mwanga wote. Kisha zijumlishe kwenye kompozita (sehemu ya Blender ya kuunganisha picha) na kugawa kwa 4, usafishe chenga mwisho. Ukipoteza moja, tatu zimebaki. PNG haifai kwa kazi hii kwa kuwa mwanga mkali umeshakatwa.

Kamera: lenzi mm 24, kimo mita 1.2 hadi 1.3, mzunguko wa X nyuzi 90 kamili ili kuta zisiegame. Ukihitaji dari zaidi tumia kipengele cha kuhamisha lenzi badala ya kuinua kamera. Chini ya mm 18 sebule ya mita 4 inaonekana ukumbi wa harusi, na mteja atakuja kudai ukumbi huo.

Wanaochora kwa SketchUp wajue Blender haifungui faili zao moja kwa moja. Pitia FBX au glTF, na ukifika pima mlango kwanza, maana FBX hupenda kuja ikiwa kubwa mara 100. Nyuso zilizolaliana zinatoa mabaka meusi kwenye Cycles, futa mojawapo. Wa ArchiCAD wapitie IFC kwa kutumia nyongeza ya Bonsai, ambayo nayo ni ya bure. Anayetakiwa kutoa picha kumi jioni moja, Blender itamchosha. Seremala anayeuza jiko moja kwa mwezi na anataka mteja aamini mninga anaouona, aipakue leo.