Mkufunzi wa elimu jumuishi darasani: kipi kinafaa, kipi ni mapambo

Huduma hii huuziwa shule kwa majina mengi, lakini kiini ni kilekile: mtu mwenye uzoefu anaingia darasani, anatazama kipindi, kisha anakaa na mwalimu kuchagua jambo moja la kubadilisha ili wanafunzi wenye ulemavu, au wasioimudu lugha ya kufundishia, wasibaki watazamaji. Ikifanywa sawasawa, inaiacha semina mbali. Ikifanywa ovyo, ni ukaguzi uliobadilishwa jina.

Uchambuzi wa tafiti 60 wa watafiti Kraft, Blazar na Hogan, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba ukufunzi wa namna hii huinua ubora wa ufundishaji kwa wastani wa 0.49 ya mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani), na matokeo ya wanafunzi kwa 0.18. Hazikuwa tafiti za elimu jumuishi peke yake. Na kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji: programu zilipokuwa kubwa, faida ilipungua.

Mzunguko unaostahili kulipiwa una dakika 15 za maandalizi, kipindi kizima cha kutazama, na mrejesho wa dakika 20 hadi 30 siku hiyohiyo au kesho yake. Baada ya wiki moja au mbili mkufunzi anarudi kuangalia jambo lilelile. Mrejesho ukichelewa wiki nzima, mwalimu ameshasahau alichokifanya na mkufunzi anasoma tu alichokiandika.

Ila kinachomtofautisha mkufunzi mzuri na mbaya ni macho yake yako wapi. Mbaya anakaa nyuma, anamtazama mwalimu na kujaza vijisanduku: ametaja malengo, ametumia zana, amesifu. Mzuri huchagua na mwalimu wanafunzi 3, hukaa pembeni kuelekea mbele ili aone nyuso na madaftari, na kila baada ya dakika 2 huweka alama kwa kila mmoja: anafanya kazi, anatazama tu, au ameachwa. Kipindi cha dakika 40 kinampa alama 20 kwa kila mwanafunzi. Karatasi hiyo ikishawekwa mezani, ubishi wa nani kasema nini unakwisha.

Tuseme mwanafunzi mwenye uoni hafifu ameachwa mara 9, na zote zimeangukia pale mwalimu anapoandika ubaoni. Jibu la haraka huwa kumhamishia dawati la mbele. Huenda likasaidia, huenda lisisaidie. Mwenye uwanda finyu wa kuona huona eneo kubwa zaidi akirudi nyuma kidogo, na anayesumbuliwa na mwanga anahitaji kuligeuzia dirisha mgongo. Kwa hiyo mwanafunzi mwenyewe aulizwe kwanza. Hatua ya wiki hiyo inaweza kuwa moja tu: mwalimu asome kwa sauti kila anachoandika, na badala ya “angalieni hapa” aseme “mstari wa pili, baada ya alama ya kujumlisha”. Nakala ya maandishi ya herufi za pointi 18 au zaidi ije baadaye, hatua ya kwanza ikishazoeleka.

Halafu kuna zoezi ambalo wakufunzi wengi huliruka, nalo ndilo lenye thamani kuliko yote. Darasa likiwa tupu, mwalimu anasimama ubaoni na kulijaribu jambo hilo kwa dakika 5, mkufunzi akiwa amekaa dawati la mwanafunzi yule. Kukubali kwa kichwa wakati wa mrejesho ni rahisi mno. Mkono unaandika, mdomo unasahau.

Mambo mengine madogo huleta tofauti upesi. Tafiti za Mary Budd Rowe, mtafiti wa elimu wa Marekani, za miaka ya 1970 zilionyesha kwamba baada ya kuuliza swali walimu husubiri takribani sekunde 1 tu. Wakisubiri 3, majibu hurefuka na wanafunzi wa kimyakimya huanza kujitokeza. Mkufunzi anahitaji saa tu kulipima hilo. Kwa mwenye kifaa cha kusaidia kusikia, apime umbali: vifaa hivyo hufanya vizuri msemaji akiwa mita 1 hadi 2, na mwalimu anayefafanua huku ameugeukia ubao anamnyima na midomo ya kusoma.

Kasoro? Ya kwanza ni alama kupelekwa kwa mkuu wa shule. Hapo mwalimu ataandaa kipindi cha maonyesho. Ya pili ni mrejesho wenye mapendekezo saba, ambayo halitekelezwi hata moja. Ya tatu inaonekana kama wema: mkufunzi anakwenda kukaa na mtoto mwenye ulemavu na kumsaidia kazi. Kipindi kinapendeza, mwalimu hajajifunza kitu, na mkufunzi akiondoka mtoto anarudi palepale.

Ukufunzi kwa video si wa kudharauliwa. Uchambuzi uleule wa Kraft na wenzake haukuona tofauti ya maana kati yake na wa ana kwa ana. Simu iwekwe mbele ikiwaelekea wanafunzi, kwa idhini ya wazazi.

Kabla ya kusaini mkataba, mwombe mtoa huduma akuonyeshe karatasi moja ya ufuatiliaji iliyojazwa, majina yakiwa yamefutwa. Kama safu zote zinamhusu mwalimu na hakuna hata moja ya mwanafunzi, tafuta mwingine.