Bao la mbao kwa mtoto wa miaka minne: linafaa, ukilichagua vizuri

Bao la kawaida lina mashimo 32, safu nne za manane, na komwe 64, yaani mbegu ngumu za kuchezea. Kwa mtoto wa miaka minne hayo ni mengi mno. Mpe mashimo matano ya safu moja na komwe tano. Akizoea, ongeza hadi nane, safu nzima.

Achote komwe zote, kisha aangushe moja moja kila shimo huku akihesabu. Hapa ndipo penye kazi: mdomo hufika tano mkono ukiwa bado kwenye tatu, kwa sababu namba anaziimba, hajaanza kuzihesabu. Mwambie asubiri komwe igonge mbao, “ko!”, ndipo ataje namba. Mlio huo ndio utamu wa bao, na la plastiki halina.

Kabla ya kununua, pitisha kidole ndani ya mashimo. Yakikwaruza, fundi hakupiga msasa vizuri na vibanzi vitamchoma mtoto. Shimo lisilo na kina nalo liache, komwe zitaruka sakafuni. Nyumbani kukiwa na mtoto wa chini ya miaka mitatu, komwe zikae juu asikofika: zinaweza kumkaba.