Uzi wa Ultrapak, kwa macho ya fundi wa plasta

Mimi si daktari wa meno. Ni fundi wa maabara hapa Lubumbashi, natengeneza mataji na madaraja ya meno, na uzi wa kusogeza ufizi sijawahi kuuingiza kinywani mwa mtu. Lakini chapa ya silikoni, ile alama ya meno ya mgonjwa ninayoijaza plasta, ikifika mezani kwangu, najua kilichotumika.

Asiyeweka uzi naona kazi yake mara moja: ukingo wa jino umezama ndani ya ufizi, silikoni haikufika, na mimi nabaki kukisia taji liishie wapi. Taji la kukisia ndilo lile ambalo chakula huingia chini yake.

Uzi wa kusokotwa una kero nyingine. Nyuzinyuzi zinachomoka na kunasa kwenye silikoni, palepale penye mstari ninaoutafuta. Nazitoa kwa kibano huku nanung'unika. Ultrapak ni pamba iliyofumwa kama sweta: inabonyea, inanyonya dawa vizuri, haifumuki ovyo. Tangu daktari mmoja wa Kampemba aanze kuitumia, kwenye chapa zake nasoma ukingo mzima, hata upande wa ulimi.

Yeye huweka nyuzi mbili. Namba 000, ule mwembamba, unakaa chini na kubaki humo. Juu yake namba 1, iliyoloweshwa kloridi ya alumini, dawa ya kuzuia damu, kwa dakika 5 hivi. Huu wa juu anautoa silikoni ikiwa tayari kuwekwa, maana ufizi hauchelewi kurudi. Kabla ya kuutoa anaulowanisha kwa maji, kwani uzi mkavu unachubua ufizi na damu inaanza upya. Uzi wenye adrenalini hautaki kabisa. Wagonjwa wake wengi wana presha.

Ila uzi mzuri haumwokoi asiyesuuza dawa. Silikoni inabaki laini na kunata pembezoni, na plasta yangu inaharibika. Glavu za latex nazo hufanya hivyohivyo, jamani, mzivue!

Chupa ina sentimita 244. Gego moja likila sentimita 5, piga hesabu mwenyewe, na ukiweka nyuzi mbili chupa ni mbili. Nyota nne. Ya tano naizuia kwa sababu kifaa cha kusukumia, kile chembamba chenye meno madogo, kinauzwa peke yake, na wanaosukuma kwa spatula ya kawaida uzi unawarukia nje.