Springi ya adapta hii imenimaliza

Nianze na kifuniko cha sloti, kwa sababu hasira yangu yote iko hapo. Adapta hii ni ya kuchomeka kadi ya SD kwenye kamera za video za Sony za XDCAM EX badala ya SxS, ambazo ndizo kadi zake za asili, na mimi naitumia kwenye kamera ya PMW-EX1. Walioitengeneza waliona vyema kuweka springi ya kubonyeza: sukuma kadi inashika, sukuma tena inaruka nje. Kwenye kisomeo cha kadi cha kompyuta mtindo huo hauna neno. Ndani ya kamera ni balaa. Kadi ikishashika, ukingo wake wa nyuma unabaki umechomoza nje ya adapta kiasi cha unene wa ukucha. Ukifunga kifuniko, kifuniko kinaibonyeza kadi. Na kadi ikibonyezwa, springi inafanya kazi iliyotumwa: inaiachia.

Ingekuwa inaiachia moja kwa moja, ningeshukuru. Kamera ingelalamika kwamba hakuna kadi, mtu ungejua mapema. Lakini kifuniko kimeizuia isitoke, kwa hiyo imekaa nusu imeshika nusu imeachia, pini zinagusa kwa kubahatisha. Kamera inaisoma vizuri tu. Dakika zilizobaki zinaonekana. Unabonyeza REC, taa nyekundu inawaka, kila kitu shwari, mpaka uigeuze kamera au uichomoe kwenye tripodi. Hapo pini zinapoteza mguso kwa nukta moja, na kurekodi kunakatika katikati ya klipu. Ukifungua na kuchungulia, kadi inakurukia mkononi.

Klipu iliyokatika hivyo haijapotea, na hili naomba lishikwe. Picha zimo ndani ya kadi. Kinachokosekana ni faharasa ya faili, ambayo faili za MP4 za kamera hizi huandikiwa mwishoni, unapobonyeza kusimamisha. Usifomati. Usirekodi kitu kingine juu yake. Sogeza kikufuli cha pembeni kadi isiandikike, iweke kwenye kompyuta, nakili kadi nzima kama taswira ya diski, yaani faili moja lenye kila kilichomo. Siyo kuburuta faili moja moja. Nakala ikishakuwa salama, fungua kikufuli, rudisha kadi kwenye kamera, weka betri iliyojaa. Kamera itauliza kama irekebishe kadi, ikubalie. Mara nyingi klipu hurudi ikiwa imepungua sekunde chache za mwisho. Isiporudi, una ile nakala ya kujaribia programu za kuokoa faili.

Niliwaandikia watengenezaji nikiwa na picha za kifuniko, za kadi iliyochomoza, kila kitu. Jibu lao: kadi yako ni ya polepole, nunua ya kasi zaidi. Mstari mmoja, wala salamu hakuna! Hata picha hawakuzifungua.

Sasa tupige hesabu, maana hili jibu limenichoma kuliko adapta yenyewe. Ubora wa juu wa EX1, HQ, ni megabiti 35 kwa sekunde. Gawanya kwa 8 upate megabaiti 4.4 hivi. Kadi ya SDHC (aina ya kadi ya SD) ya daraja la 6 inaahidi kuandika si chini ya megabaiti 6 kwa sekunde, na niliyokuwa nayo ni ya daraja la 10. Kasi inahusianaje na springi?

Kuna sehemu moja tu ambapo wangekuwa na hoja, nayo ni slomo (picha za mwendo wa polepole), na hapo kosa ni lao vilevile. Sloti ya kamera hii ni ya ExpressCard, aina ya sloti iliyotoka kwenye kompyuta za mkononi, yenye njia mbili za data ndani yake: PCI Express, iliyo ya kasi, na USB 2.0, iliyo ya polepole. SxS halisi inapita PCI Express. Adapta za SD za namna hii zinapita USB. Ukirekodi video ya 720p ya kuchezwa kwa fremu 25 kwa sekunde huku ukiinasa kwa fremu 60, kamera inaandika mara 2.4 ya kawaida, yaani megabiti 84, megabaiti 10.5 kila sekunde, bila kupumua. Daraja la 10 linakuahidi 10. Ongeza na usumbufu wa USB na kile kichipu cha kutafsiri kilichomo kwenye adapta, na kurekodi kunasimama kwenyewe baada ya sekunde kadhaa. Kwangu fremu 60 zimegoma na kadi tatu tofauti. Niliposhusha hadi 40 ikatulia. Boksi limeandikwa kwamba inafanya kila kinachofanywa na SxS. Huo ni uongo. Anayetaka slomo kamili na hataki SxS atafute adapta ya XQD, aina nyingine ya kadi, kwa kuwa XQD nayo inatumia PCI Express, hakuna cha kushuka hadi USB.

Lakini nisiwe dhalimu. Kwa mahojiano, mihadhara, ibada, shughuli yoyote ya kamera iliyotulia kwenye tripodi, gigabaiti 32 zinakupa takriban dakika 100 za HQ, na kadi inasomwa na kompyuta yoyote yenye sloti ya SD bila kutafuta kisomeo cha SxS. Sharti ufomati ndani ya kamera, kamwe si kwenye kompyuta, na unakili folda ya BPAV, ambamo kamera huweka klipu zake, nzima jinsi ilivyo. Wanaochomoa faili za MP4 peke yake wakatupa zile ndogondogo zilizobaki watajuta siku programu ya kuhariri itakapokataa kuunganisha klipu ndefu, maana kadi hizi ni FAT32, mpangilio wa faili usiokubali faili la kufika gigabaiti 4, na klipu inakatwa vipande kabla ya kufika gigabaiti 4.

Na kusema kweli adapta hii inatibika. Bandua kibati cha juu taratibu kwa wembe mwembamba. Pembeni mwa nafasi ya kadi utaona kitelezi cha plastiki, springi ndogo nyuma yake, na kisindano cha waya kinachotembea kwenye mfereji wenye umbo la moyo. Kisindano ndicho kinachoshika na kuachia. Toa kisindano na springi, vyote viwili; ukitoa kisindano peke yake springi itaisukuma kadi nje daima. Rudisha kibati. Sasa kadi inaingia mpaka mwisho, haichomozi tena, kwa sababu kule kuchomoza kote kulikuwa ni hatua moja ya nyuma ambayo mtambo wa kubonyeza huirudisha kadi unaposhika. Kadi inashikwa na msuguano wa pini tu, na inatosha kabisa. Gundisha kipande chembamba cha selotepu juu ya kadi uache ncha ya kuvutia, na hakikisha kifuniko kinafunga bila kusukumwa.

Baada ya upasuaji huo nilijaza kadi nzima mara mbili, kamera ikitikiswa kwa makusudi. Haikukatika hata mara moja. Nikawa tayari kutoa nyota nne, nikajiambia labda niliwahukumu kwa pupa. Nikashusha hadi tatu nilipokumbuka kwamba nimelipia kitu kizima halafu nikakikamilisha mwenyewe kwa wembe.

Kisha nikaichomeka tena, kamera ikasema kadi imefungwa isiandikwe. Kikufuli cha pembeni ya kadi kilikuwa kimeburutwa na ukuta wa adapta, ambao ni mkali kama msumeno. Kikufuli hicho hakifungi chochote ndani ya kadi, ni alama tu inayosomwa na kiswichi cha sloti, kwa hiyo tone la gundi kali kikiwa upande wa kuandika linakitia adabu milele. Gundi ikauke kabisa kabla hujachomeka. Sasa nina adapta iliyopasuliwa na kadi zilizogandishwa vikufuli, na ule uwezo wa kuzifunga kabla ya kuziokoa, niliousifu hapo juu, sinao tena. Nyota moja.