Le Lion ya Joseph Kessel: uzoefu wangu wa kuisoma na binti yangu

Wazazi wanaotafuta hadithi ya urafiki wa mtoto na mnyama wa porini huenda wakafaidika na maoni yangu kuhusu riwaya hii ya Kifaransa iliyochapishwa mwaka 1958, ambayo nilimsomea binti yangu wa miaka kumi na mmoja kwa tafsiri ya Kiingereza, nikimsimulia kwa Kiswahili kila tulipofika penye maneno mazito.

Mambo yanatokea katika hifadhi ya wanyama ya Amboseli, nchini Kenya, chini ya Mlima Kilimanjaro, enzi za ukoloni wa Mwingereza. Patricia, mtoto wa miaka kumi, ni binti wa Bwana Nyama, yaani msimamizi wa hifadhi hiyo, John Bullit, ambaye zamani alikuwa mwindaji. Patricia alimlea simba aitwaye King tangu akiwa mchanga, na hata baada ya simba huyo kukua na kurudishwa porini, mtoto huyo huenda kukutana naye chini ya mti na kujilaza ubavuni pake bila woga wowote.

Nilichokipenda zaidi ni kwamba mwandishi hakumgeuza simba kuwa mtu. King hasemi neno. Ana majike wawili wasiomtaka kabisa binti huyo, na nguvu zake hazisahauliki hata anapocheza. Patricia naye si malaika, kwani hufurahia kuwatisha watu kwa kutumia rafiki yake, hasa Oriounga, morani wa Kimaasai mwenye majivuno. Binti yangu, ambaye kurasa za mwanzo alimwonea Patricia wivu waziwazi, alinikatiza hapo akauliza, “Mama, kwani huyu anamchokozea nini?”

Kasoro ipo, nayo si ndogo. Wamaasai wametazamwa kwa jicho la mgeni aliyevutiwa na urefu wao, mikuki yao na ukimya wao. Oriounga amepewa hasira tele, lakini hakupewa utani, wala mashaka, wala maisha ya nyumbani ambayo msomaji angeyashika. Ilibidi nisimame mara kwa mara kulieleza hilo. Mivutano ya Bullit na mkewe Sybil, anayetaka binti yao apelekwe shule Nairobi, tuliipitia harakaharaka.

Mwisho nalazimika kuutaja, kwa sababu mzazi anastahili kuujua mapema: Oriounga anamkabili simba kwa mkuki na ngao, na Bullit, ili kumwokoa mtu, anampiga risasi King. Binti yangu alikasirika sana, akashikilia kwamba baba huyo angefyatua hewani. Mimi nikamwuliza angemweleza nini mama yake Oriounga, na ubishi huo ukatufikisha hadi chakula cha usiku.

Kwa mtoto aliye chini ya miaka kumi, siishauri. Kwa aliyezidi hapo, someni pamoja, na msiziruke kurasa za baba akiinua bunduki, maana michezo yote ya Patricia ilikuwa ikielekea huko.