Uzoefu wangu na distributa ya Corolla 110: mpya ya kwenye boksi imenitesa, mtumba ndio umeniokoa

Gari yangu ni Corolla 110 ya 1998, injini 5A-FE, cc 1500, ile yenye distributa ubavuni (kile kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwenda kila plagi) na waya nne za plagi, sio hizi VVT-i za koili kila plagi. Distributa ya kwangu ina kila kitu humo humo ndani, koili ya kukuza umeme, ignaita (swichi inayowasha na kuzima koili), pikapu (sensa inayosoma mzunguko wa shafti), rota inayozunguka kugawa umeme, yaani kikifa kimoja lawama zinaenda kwa distributa nzima. Naandika kwa urefu kidogo manake mimi nimelipia huu ujuzi na risiti ninazo.

Ilianza kipindi cha masika. Asubuhi ukipiga stata inawaka ila inamisi balaa mpaka ipate moto, ukiwa unapanda kuja Kimara inakohoa kama mzee wa kahawa, mchana jua likitoka unaikuta nzima kabisa kama sio yenyewe. Fundi wa mtaani akafungua kofia ya distributa, ndani tukakuta vijistari vyeusi vyembamba kama nywele vimetambaa kutoka pini moja kwenda nyingine, na pini zenyewe zina unga mweupe. Yaani unyevu ukiingia mle umeme unapita kwenye hivyo vijistari badala ya kwenda kwenye plagi. Kofia na rota elfu 35, waya nikaacha zile zile, ikatulia. Kama gari yako inamisi asubuhi za mvua tu, anzia hapa kabla hujafikiria kitu kingine, sitarudia.

Sasa kasheshe lenyewe lilikuja wiki kama tatu baadae. Jua la saa nane, foleni ya Ubungo, AC nimewasha, gari ikazima tu. Haikukohoa, haikustuka, ilizima kama taa ya Tanesco. Napiga stata inazunguka vizuri lakini haiwaki. Wamachinga wakanisaidia kusukuma pembeni, nikakaa kama dakika ishirini nakunywa maji ya mia tano, kupiga tena, tii, ikawaka! Nikaenda mpaka nyumbani bila shida. Kesho yake ikarudia Tabata. Fundi wangu akaja na bodaboda, akachomoa plagi akaiangalia akasema "bosi hii plagi kavu kabisa, petroli haifiki, pampu imechoka ikipata moto". Nikaona ana hoja, plagi kweli ilikuwa kavu kama mfupa. Tukabadilisha pampu na filta, laki na kumi na tano pamoja na ufundi. Nikatembea siku nne. Ya tano ikanizimia Tazara pale kwenye mataa, jua lile lile, honi za daladala zile zile.

Hapo ndio shemeji yangu akaniambia kuna mzee mmoja fundi umeme Buguruni, gereji yake ni mti na benchi tu. Nikamfuata, shikamoo mzee, marahaba, nikamweleza. Akaniuliza swali moja ambalo hakuna mtu alikuwa ameniuliza, "ikizima, moto upo kwenye waya?" Nikamwambia sijui mzee. Akasema basi hujapima kitu, hizo zote zilikuwa bahati nasibu. Akanipa plagi kuukuu nikae nayo kwenye dashibodi, ikizima tu nichomoe waya mmoja nivalishe ile plagi, niilaze kwenye chuma cha injini, mtu apige stata nione kama inatoa cheche. Tena nifanye hapo hapo ikiwa ya moto, kwasababu ukisubiri ivutwe mpaka gereji inafika imeshapoa na cheche zinarudi, fundi anakuona muongo.

Ikazima tena kesho kutwa yake. Cheche hakuna. Mzee akaja gari ikiwa bado imezima, akachukua kipande cha waya akaunganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwenye kile kiboksi cheusi cha kupimia karibu na injini, akafungua swichi, taa ya cheki injini ikaanza kukonyeza, moja, ikapumzika, nne. Kodi 14, yaani namba ya kosa. Hii nilitamani yule fundi wa pampu awepo aione. Manake kodi 14 kwenye Toyota za zamani ni kwamba kompyuta ya gari imetuma amri ya kuwasha moto lakini ignaita haijajibu, na kompyuta ikikosa hilo jibu inazima na nozeli zinazonyunyiza petroli kabisa ili petroli isimwagike bure kwenye silinda. Kwahiyo plagi lazima iwe kavu! Ukavu wa plagi haukuwa wa pampu, ni kompyuta ndio imefunga bomba. Pampu yangu ya zamani ilikuwa nzima na yule jamaa ameondoka nayo.

Basi mzee akasema ignaita inakufa ikipata joto, tafuta distributa nzima, "lakini tafuta mtumba wa Japani, usinunue mpya za boksi". Mimi na ujuaji wangu nikasema mpya ni mpya bwana. Nikaingia duka moja Gerezani, boksi linang'aa, laki na arobaini. Mzee bahati mbaya alikuwa amekwenda msibani Mkuranga, nikampa kijana mwingine afunge.

Yule kijana hakuweka alama. Distributa inashikwa na bolti mbili kwenye matundu marefu ili uweze kuizungusha kidogo kurekebisha taimingi (muda wa cheche kutoka), kwahiyo kabla hujalegeza unakwaruza mstari na bisibisi kati ya distributa na injini ujue ilikuwa imekaa wapi, na waya za plagi unaziandika namba. Yeye alichomoa zote kwa pamoja kama anavuna mihogo. Wakati wa kurudisha akazipanga 1-2-3-4 kwa mstari, wakati silinda za injini hii zinachoma kwa mpangilio wa 1-3-4-2, kupiga stata ikalia mlipuko kwenye ekzosi mpaka kuku wa jirani wakakimbia. Akahangaika mpaka zikakaa sawa, taimingi akatega kwa sikio, "hapo imekubali bosi". Ikakubali kweli, ila kwenye mlima ikawa inagonga kama sarafu kwenye kopo na mafuta ikawa inakunywa.

Mzee aliporudi akaunganisha tena ule waya wake wa TE1 na E1, injini ikiwa imepata moto na imetulia sailensi bila kukanyaga mafuta, akamulika puli na taa ya taimingi. Inatakiwa alama isome digrii 10 na itulie. Kwangu ilikuwa inasoma kama 18 na inacheza, mara huku mara kule. Akarekebisha ikaja kwenye 10 lakini kucheza haikuacha. Akashika shafti ya distributa akaitikisa, ikawa inacheza mkononi. Kitu kipya! Bushi yake legelege kwahiyo pikapu inasoma ovyo na cheche inatoka kila mara kwa muda wake. Hakunisema, aliniangalia tu, ile ya mtu mzima.

Wiki ya tano ikafa jumla, hata ipoe haiwaki. Nikarudi dukani na boksi lake na risiti, naambiwa "kaka vitu vya umeme havirudishwi, soma nyuma ya risiti". Kweli imeandikwa, kwa maandishi ya ukubwa wa sisimizi.

Safari hii nikamchukua mzee mwenyewe tukaenda Ilala Shauri Moyo kwenye spea za mtumba. Alivyochagua ndio napenda watu wajue. Distributa za Corolla 100, 110 na za injini nyingine ndogo za Toyota zinafanana kwa macho, lakini soketi zake zinatofautiana idadi ya waya, kwahiyo tulikwenda na ile yangu ya kwanza mkononi tukalinganisha soketi na namba iliyoko kwenye kile kibandiko cha Denso. Kisha anazungusha shafti kwa vidole, iwe laini na isitikisike hata kidogo. Anafungua kofia ananusa na kupitisha kidole, ukikuta oili mle ndani achana nayo, sili ya shafti imeshakufa. Tulikataa tatu, ya nne tukachukua, laki moja baada ya kuanza na laki na themanini. Muuzaji akatoa gwarantii ya mdomo ya siku tatu, na akakubali tuifungie pale pale tuiache ingurume nusu saa na AC juu. Kama muuzaji wa mtumba anakataa hilo ondoka. Ufundi mzee alichukua elfu 25 pamoja na kutega taimingi kwa taa, alama imekaa kwenye 10 haitikisiki.

Sasa ina miezi nane. Nimekwenda nayo Tanga na kurudi, Morogoro mara mbili, foleni za mchana kila siku, haijazima hata mara moja, na mafuta imerudi kama zamani.

Maksi zangu, ile mpya ya boksi moja juu ya tano, na hiyo moja ni ya boksi. Mtumba wa Denso nne. Mzee wa Buguruni mpeni zote. Kilichonifanya nipunguze moja kwenye mtumba ni uzembe wetu wenyewe, tulisahau kununua oringi mpya (raba ya duara ya kuzuia oili) tukarudisha ile ile iliyokauka, sasa kuna oili inachuruzika taratibu chini ya distributa na ikidondokea kwenye hosi inanuka. Oringi yenyewe elfu tatu, Jumamosi nampelekea. Na ile mpya mbovu bado iko kwenye buti, mke wangu kila akiweka mizigo ananiuliza hili dude tunalitunza la nini.